Maji ya Jumatatu ya Pasaka

Dada Skola,

Shikamoo. Nyie huko Usevya mmekula Pasaka kwa wali na kuku. Mimi huku Hungaria nimeila kwa hasira.

Theluji imekwisha, miti inachanua. Jumatatu ya Pasaka wavulana wa hapa huwamwagia wasichana maji ili wasinyauke kama maua, na aliyemwagiwa hushukuru kwa yai lililopakwa rangi. Langu nililipaka jana, jekundu. Leo asubuhi wamekuja hosteli ya chuo na ndoo, wakawalowesha wenzangu wote. Kufika kwangu, kiongozi wao akashusha ndoo. "Wewe umetoka kwenye joto, utaugua."

Mimi! Niliyekulia kwenye majaruba ya mpunga, maji magotini tangu alfajiri! Wenzangu wanacheka wamelowa chapachapa, mimi nimesimama mkavu kama kuni. Nikampokonya ile ndoo, nikammwagia yeye kichwani. Meno yakamgongana huyo! Na yai nimelila mwenyewe.

Nimewakumbuka sana, dada. Niamkie mama. Mkishuka jarubani kupalilia, mtu arushe maji pale nilipokuwa nasimama mimi.

Mdogo wako,
Leokadia