Tui Limeganda Lushoto

Jumapili. Tangu asubuhi ukungu haujatoka mlangoni, na mie nimevaa sweta mbili na bado pua ni barafu. Lakini nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Tangu Rajabu anioe na kunileta kwao huku milimani, mama yake ananiita mgeni. Ananiita kwa upendo, sikatai. Ila mgeni haingii jikoni. Mgeni huletewa chai sebuleni, akaambiwa apumzike. Nimepumzika mpaka nimechoka.

Juzi nikamwomba mama mkwe nipike siku moja tu, chakula cha kwetu Unguja. Akakubali, ila akasema wazi kuwa samaki wa bahari hawapendi, wana harufu. Hata hivyo nikaagiza changu wawili wanono kutoka Tanga, na nazi. Mbuzi ya kukunia nilikuja nayo kwenye sanduku la harusi, na Rajabu alinicheka sana.

Leo nimepika kama anavyopika mama yangu. Bizari, ukwaju, pilipili nzima, tui jepesi kwanza, zito mwisho. Nikaumimina mchuzi kwenye bakuli langu la maua, nikaufunika, nikauacha mezani, maana kwetu ukipoa kidogo ndio unakolea. Tukamsubiri baba mkwe arudi shambani.

Baba akarudi. Nikafunua.

Tui limeganda. Utando mweupe juu, mgumu kama mshumaa.

Unguja sijapata kuona kitu hicho, baridi yenyewe itoke wapi? Mama akagusagusa kwa kijiko. "Mgeni, haya ni mafuta ya ng'ombe?" Rajabu akatazama dari. Machozi yakaanza kunilenga, wallahi. Nikajua ndio basi, nitapumzika sebuleni hadi uzeeni.

Mama akabeba bakuli, akatoka nalo. Nikadhani anampelekea mbwa. Nikamfuata, nikamkuta jikoni, mchuzi keshautia sufuriani, kauweka mafigani, anachochea kuni. Moto mkali ule. Tui likichemka hivyo linakatika, kila mtu wa kwetu anajua. Nikamnyang'anya mwiko mama mkwe wangu, jikoni kwake, bila hata samahani, nikaanza kukoroga.

Nilipotambua nilichofanya, nikashindwa kuinua uso.

Yeye akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akachomoa kuni mbili, moto upungue.

Tukala humo humo jikoni, tumeuzunguka moto, baba mkwe kwenye kigoda, ugali kwenye sinia moja. Mama alichambua miiba polepole, kwa mashaka. Halafu akaongeza mchuzi. Akaongeza tena, akisingizia ugali umebaki.

Tulipomaliza nikainuka, nikaelekea sebuleni kama kawaida yangu. Mama akaniita, kwa jina langu.

"Zuhura, unakwenda wapi? Sufuria hizi ataosha nani?"

Nimeziosha zote, kwa maji ya baridi, vidole vimekufa ganzi. Sijapata kufurahia vyombo vichafu namna hii. Na kesho, kasema, zamu ya kuni ni yangu.