Albamu Yetu Iliyosafishwa

Jumapili, Igamba. Baridi ya mwezi wa saba haina adabu. Nimejifunika blanketi la mama mpaka masikioni, naandika kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Leo sina hamu ya kuwa mwema kwa mtu yeyote. Ukiona nakutukana, jua umestahili.

Kwa wasionijua: jina langu Gidioni, jukwaani Forodha, siku nyingine zote muuza viatu vya mtumba Tunduma. Wiki mbili zilizopita mimi na Bwalya, msela wangu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, tulitoa albamu ya rap. Tumeiita Mguu Huku, Mguu Kule. Kila wimbo anaanza yeye, katikati nachana mimi, anamalizia yeye. Tumehangaika nayo mwaka mzima. Niliamini ndiyo itakayonitoa kwenye viatu vya watu.

Imemtoa Bwalya.

Mashabiki wa kwetu hawana Mungu. Siku ilipotoka nilikaa na simu mkononi nikisubiri sifa kama bwana harusi. Komenti ya kwanza: "Bwalya moto! Huyo mwingine kaalikwa na nani?" Ya pili: "Vesi ya Forodha ni foleni ya malori. Imesimama, inanuka dizeli, na mwisho wake hauonekani." Hiyo ya foleni ilipendwa kuliko nyimbo zenyewe. Kinachoniuma zaidi ni kwamba ni mstari mzuri. Mimi kwenye albamu nzima sina mstari mzuri kama huo.

Mwingine akaandika kwamba nikianza kuchana yeye huenda kuteka maji, na akirudi ananikuta bado naongea. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza akaweka vicheko vitatu. Mwalimu wangu jamani, aliyenifundisha kuandika jina langu!

Nikajisemea waache wabwabwaje, watu wa mitandaoni hawana kazi. Halafu juzi kati nikapita kwa Sele, yule anayejaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi karibu na maegesho ya malori. Madereva wote wanachukua kwake. Nilikuwa nimevuta kofia hadi machoni, hakunitambua. Nikamwomba anijazie Mguu Huku, Mguu Kule. Akauliza huku macho yakiwa kwenye kompyuta:

"Nzima au iliyosafishwa?"

Nikamuuliza imesafishwa nini.

"Wamemtoa yule mwingine. Hiyo ndiyo inayokwenda, braza. Ile nzima utakuja kunilaumu."

Nikachukua iliyosafishwa. Nilisikiliza yote nikiwa nimekaa juu ya marobota ya viatu vyangu. Kuna mtu, simjui na Mungu aniepushe nisimjue, alikaa akanikata kwenye kila wimbo, akaunganisha vesi za Bwalya vizuri hivi kwamba huwezi kusikia palipokatwa. Nilitafuta kasoro nikakosa. Sasa naandika kitu ambacho sijamwambia mtu: ni albamu nzuri. Ilinichezesha kichwa.

Bwalya sikumwambia. Ningemwambia nini?

Jana jioni tulikuwa na shoo Mkwajuni. Vijana wa machimboni walijaa, wengine wamesimama juu ya pikipiki zao waone vizuri. Flashi yetu ya biti ikagoma kusoma. Mtu wa mitambo akasema msihofu, wanangu, albamu yenu ninayo hapa, nitaipiga mchane juu yake.

Mnajua alikuwa na ipi.

Bwalya akapiga vesi yake, uwanja mzima unaimba naye neno kwa neno, hadi Kibemba wasichokijua. Nikainua maiki, nikavuta pumzi, nikafungua mdomo. Wimbo ukanipita. Ukaingia moja kwa moja vesi ya pili ya Bwalya, na umati nao ukaingia, kwa sababu wao ndivyo wanavyoujua. Bwalya alinitazama mara moja. Halafu akaendelea. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo, na ndiyo maana sitaki kuiona sura yake.

Nikabaki nimeshika maiki. Kijana mmoja juu ya pikipiki akapaza sauti: "Oya, huyo aliyesimama hapo ni bodigadi?" Walicheka hadi mtu wa mitambo akapunguza sauti ili naye acheke. Wimbo uliofuata nikajitia ubabe, nikaanza kuchana vesi yangu juu ya ya Bwalya. Wakanizomea. Kuanzia hapo hadi mwisho nikawa narudia maneno ya mwisho ya Bwalya, "yeah", "kule", "sema nao". Bodigadi anayeitikia.

Leo asubuhi sikuunganisha hadi Tunduma. Nilishuka Mlowo, nikapanda bodaboda kuja kwa mama. Nilitaka mtu mmoja tu duniani ambaye hasikilizi rap.

Nikamkuta ametoka kanisani, yuko kwenye kichanja cha kahawa na Mama Tuma wa jirani, wanatoa punje mbovu. Kando yao karedio kake ka memori kadi kanaimba. Bwalya.

"Afadhali umekuja, Gidioni," akasema. "Kijana wa bodaboda aliniwekea nyimbo zenu. Wiki nzima nawaambia wenzangu, ngojeni, mwanangu anakuja sasa hivi. Wewe unaingia wapi?"

Mama Tuma akadakia: "Mimi nimeshamwambia, labda wewe ndiye unayepiga ngoma."

Nilitamani ardhi inimeze pale pale, na kichanja chake. Mama alikuwa ananingoja. Amesikiliza fujo asizozielewa wiki nzima, anawanyamazisha wanawake wenzake, ili tu nisimpite.

Nikachomoa kadi, nikaichomeka kwenye simu yangu, nikafuta ile, nikaweka albamu nzima. Nikamrudishia. Mama akapangusa mikono kwenye kitenge, akaongeza sauti, akakaa kama anasikiliza mahubiri. Bwalya akapita. Nikaingia mimi.

Alisikiliza nyimbo tatu. Mimi nilikuwa naangalia kahawa. Sauti yangu, pale katikati ya shamba, ilikuwa nzito, ndefu, haina inakoelekea. Foleni kabisa. Mama Tuma alipata ghafla kazi kwake, akaaga.

"Hee," mama akasema mwishoni. "Kumbe ndiyo wewe."

"Ndiyo, mama."

"Umeongea sana, mwanangu."

Akarudi kwenye kahawa yake. Akatoa punje moja, akatoa nyingine, akasema chai ipo jikoni, nisiache ikapoa. Nilipofika mlangoni akaniita. Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeogopa kuomba:

"Ile ya kwanza umeifuta?"

Nimemwambia hapana, mama, ipo.

Haipo. Kesho kabla sijapanda gari la Tunduma nitampitia yule kijana wa bodaboda, nimwombe amrudishie mama yangu ile isiyo na mimi.