Ngurumo za Saa Tisa

Huku juu,
Jumanne, 3 Machi

Kwako wifi yangu,

Salamu nyingi sana. Mimi mzima, ng'ombe wazima, goti langu la kushoto ndilo bado halijaamua. Ninyi je, hamjambo? Kaka yangu bado anakoroma, au ile dawa imesaidia? Na binti yetu na tumbo lake anaendeleaje? Mwambie shangazi yake anamwombea kila siku.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunipi zamu. Sasa sikiliza. Tangu wiki iliyopita, kila siku saa tisa alasiri, huku kwangu radi inanguruma. Jua kali, wingu hata la dawa hakuna, lakini inanguruma! Kwanza mngurumo mrefu, kimya kidogo, halafu mfupi. Kopo langu la kupimia mvua ni kavu kabisa. Hili ni jambo geni, wifi, sijasikia mwenzetu yeyote akilitaja. Wapelekee wenzetu wa kikundi cha Wachungulia Mawingu walibandike kwenye ubao wetu pale zahanati. Hasa yule kinyozi alione, maana anajifanya anayajua mawingu kuliko nywele za watu.

Barua hii anakuletea dereva wa lori la maziwa. Mpe chai, ni mtu mwema.

Wifi yako wa huku juu


Mjini,
Jumatatu, 9 Machi

Wifi yangu kipenzi,

Barua yako imenikuta mzima. Kaka yako anakoroma vilevile, dawa nimeimeza mimi angalau nipate usingizi. Binti yetu anatembea ameshika kiuno, siku zimekaribia. Pole na goti.

Wifi, kaa chini kwanza. Dereva nilimpa chai kama ulivyosema, nikamsomea habari ya radi yako. Akaweka kikombe mezani.

"Saa tisa, mama?" akaniuliza.

"Saa tisa."

"Mngurumo mrefu, halafu mfupi?"

Wifi, radi yako ni yeye. Kituo cha maziwa kimehamia nyuma ya kilima chako, na saa tisa ndipo wanaposhusha mapipa matupu kwa kuyaviringisha kwenye mbao. Mngurumo mrefu ni pipa kubwa. Mfupi ni pipa dogo.

Nilijaribu kukaa nayo kimya habari hii, lakini unanijua. Kwenye kikao cha Jumamosi nilisimama nikaigiza yote, na mapipa nikayaigiza. Mwenyekiti wetu, yule mwalimu mstaafu ambaye hatujawahi kuyaona meno yake, alicheka mpaka akavua miwani. Kinyozi amependekeza tukuite Mama Mapipa. Usikasirike, ni utani tu.

Wifi yako wa mjini


Mjini,
Jumatatu, 16 Machi

Wifi,

Hujambo? Ng'ombe hawajambo? Goti je? Lori limekuja siku zote bila barua. Dereva anasema ukimwona tu unageuza kiti. Hata ng'ombe wako, anasema, siku hizi hawamwangalii.

Nimekukosea. Nilidhani nachekesha, kumbe nakuaibisha kwa watu, tena kwenye kazi tunayoipenda mimi na wewe. Nisamehe sana. Kinyozi naye nimemtia adabu: aliniletea suruali nimpunguzie kiuno, sijaigusa wala sitaigusa mpaka akome.

Sasa nuna ukipenda, ila nuna huku ukisoma. Binti yetu amejifungua! Msichana, mnono, na sauti hiyo usiseme. Una mjukuu, wifi. Jumapili anakuja naye kukaa kwetu, na paa letu unalijua. Mvua ikinyesha, kile chumba chao ni afadhali ukae nje. Mabati mapya yako uani tayari, lakini fundi ana nafasi Ijumaa hii tu, baada ya hapo anakwenda kwenye kazi ya mbali. Na kila alasiri inanguruma, mbingu zinafanya kiza! Mwenyekiti anasema tungoje. Kinyozi anasema tuezue, na kinyozi akisema jambo mimi naingiwa na woga. Tukiezua mvua ikatukuta, vyerehani vyangu, nguo za wateja, magodoro, vyote kwisha. Tusipoezua, mtoto atalala katikati ya ndoo.

Mawingu yanatokea huko kwako. Wewe unayaona yakizaliwa, sisi tunayapata yakishakasirika. Niambie tufanye nini. Ukisema ezua, naezua.

Wifi yako, kama bado unanikubali


Huku juu,
Alhamisi, 19 Machi, asubuhi

Kwa mke wa kaka yangu,

Salamu. Mimi mzima. Ng'ombe wazima. Goti halikuhusu.

Nilikuwa nimeapa kutokuandikia mpaka mwaka uishe. Nilipofika kwenye neno mjukuu nikaruka na goti hilihili, ng'ombe mmoja akakata kamba. Sijakusamehe bado, nimeahirisha tu kukasirika.

Ezua.

Tangu Jumapili nimeyakodolea macho mawingu haya mpaka shingo imekakamaa. Ngurumo za safari hii ni za kweli, naona umeme kwanza ndipo nasikia sauti. Pipa halimuliki. Lakini kila wingu likishapanda juu ya kilima, kichwa chake kinalalia upande wa mto, na mvua yote inashukia huko. Juzi hivyo, jana hivyo. Ninyi mnapata kelele tu. Kesho pia itanguruma, na fundi atataka kushuka. Asishuke. Ila ukihisi upepo wa baridi wa ghafla kutoka upande wangu, hapo shukeni mfunike kila kitu, maana nitakuwa nimekosea.

Naogopa, wifi, nisikufiche. Nikikosea kuhusu mapipa nachekwa, yanaisha. Nikikosea kuhusu hili, mjukuu wangu hana pa kulala. Lakini nimeyaona kwa macho yangu mwenyewe. Ezua.

Bibi yake mtoto


Mjini,
Jumamosi, 21 Machi

Bibi mwenzangu,

Nakuamkia kwa heshima zote. Umeamkaje? Ng'ombe wameamkaje? Nitajie hali ya mmoja mmoja, sina haraka. Na goti?

Haya basi, usinichanie barua. Tuliezua! Saa sita mchana nyumba ilikuwa wazi juu kabisa, ukiwa jikoni unaona ndege wanapita. Saa nane upande wako wote ukawa mweusi. Fundi akaishika ngazi. Kaka yako akaniambia, "Mke wangu, dada yangu nampenda sana, lakini si ndiye huyuhuyu wa mapipa?"

Nikamjibu, "Ndiye huyuhuyu. Mwambie fundi apande."

Nikasimama uani uso nimeuelekeza kwako, nangoja huo upepo wako wa baridi. Radi ikapiga mara moja, kinyozi aliyekuja kushangaa akajikuta chini ya meza yangu ya kukatia nguo. Tukangoja. Upepo haukuja! Wingu likainama, likaenda zake mtoni, tukaiona mvua inavyomwagika kule huku sisi tumesimama juani. Fundi akacheka, kaka yako akacheka, mimi nikalia kama mtoto, sijui hata kwa nini. Bati la mwisho lilipigiliwa jua likizama.

Leo mwenyekiti ameandika ubaoni kwa mkono wake: Ijumaa, ngurumo nyingi, mjini hakuna mvua, ametabiri mwenzetu wa mlimani. Na kinyozi ndiye aliyemshikia kiti apande.

Njoo umwone mtoto. Dereva amesema atakuwekea mto kwenye kiti cha mbele, kwa sababu ya goti na kwa sababu ya yale mapipa.

Wifi yako anayekupenda


Mezani,
Jumapili, 29 Machi, nyuma ya karatasi ya vipimo vya nguo

Wifi yangu uliye hapo mbele yangu,

Hujambo? Mimi sijambo, unaniona. Nakuandikia kwa sababu nimekuita mpaka sauti imekauka. Mvua hii na mabati mapya, sijisikii hata ninapokohoa. Kaka yako anakoroma pale kwenye kiti, mdomo naona unachezacheza, sauti sipati. Raha iliyoje! Chai hii imepoa, nikuongezee ya moto?

Wifi yako


Mezani, karatasi hiyohiyo

Wifi,

Niongezee, uniwekee na sukari, mimi nina mkono mmoja tu.

Bibi


Mezani

Wifi,

Kwani mtoto hajashtuka na kelele zote hizi? Nipe nimlaze, upumzike. Na dereva amepiga honi au ni mvua? Alisema angekupitia saa hizi.

Wifi yako


Mezani

Wifi,

Ni honi, nimemwona dirishani, amelowa chapachapa. Mpungie mkono aende. Ng'ombe wangu, jirani atawakamua. Mtoto amelala fofofo, mkavu, na kidole changu amekishika. Mimi siondoki hapa mpaka akiachie mwenyewe, na naomba asikiachie.

Bibi