Mivinje Iliyokonda

Jumatano, 12 Julai 2006

Bado nnacheka, mbavu zinaniuma.

Siku tatu sikulala vyema. Daftari lilisema mivinje yetu ya Kiwengwa imekonda tangu mwaka jana, karibu yote. Tunaipima unene ili tujue imehifadhi hewa ukaa kiasi gani, na mti mzima haukondi! Nilishaanza kuwaandikia wafadhili barua ya kuomba radhi.

Leo nikaenda kumtazama Haji, mpimaji wetu wa mwaka huu, akipima. Haji mrefu kama mlingoti, utepe kauzungusha juu huko. Bi Mwanaidi, aliyepima mwaka jana na leo nimekuja naye, hamfiki hata kwapani.

“Haji, mbona juu hivyo?”

“Si umeandika tupime usawa wa kifua?”

Bi Mwanaidi akaja juu. “Kifua cha nani? Mimi nilipima kwa changu!”

Akamnyang'anya utepe, akauzungusha chini, shina lilipo nene. Mti umeongezeka vidole viwili! Na wa pili, na wa tatu. Nikamkumbatia Haji, maskini, akabaki kaduwaa.

Kesho nnanunua rangi, kila shina lipate alama ya pa kupimia.

Maelekezo yale niliyaandika mimi. Hilo wafadhili siwaambii.