Utabiri wa Nambari Ishirini na Tisa

Jumatatu, 13 Aprili

Timu tatu zimemwita Plamedi kwa mahojiano ya ana kwa ana. Kasema wakala wake, kwa simu, leo alasiri. Hakutaja timu. Nimemuuliza mara mbili, kacheka mara mbili.

Kwa hiyo yumo. Nimemweka nambari ishirini na tisa.

Orodha yangu ya raundi ya kwanza ya drafti imekamilika: nani atachaguliwa, na timu ipi. Timu thelathini na mbili za futiboli ya Kimarekani, majina thelathini na mawili. Nimepanga kama kila mwaka: kwanza pengo la timu, kisha vijana waliopo, uvumi mwisho. Timu ya ishirini na tisa haina mzuiaji wa kushoto, yule anayemlinda mrusha mpira asivamiwe kwa nyuma. Wa kwao kastaafu. Plamedi ni mzuiaji wa kushoto. Hesabu imekaa.

Sijawahi kumweka mtu ninayemjua. Huyu namjua. Kazaliwa Bukavu, kakulia La Rochelle, mtaa wa Wakongo hapa Johannesburg, kacheza raga shuleni hapa hapa. Wamarekani walimwona, wakampenda kwa mwili, wakampeleka chuo kikuu na kumfundisha mchezo wao. Mama yake ni msusi. Nimemhoji mara tatu.

Mhariri wangu, Mkenya, kaandika kichwa cha habari mwenyewe: "Utabiri: Kijana wa La Rochelle Raundi ya Kwanza." Kifupi, kinaeleweka. Nimekiacha.

Jumatano, 15 Aprili

Makala yametoka jana. Yamesomwa kuliko chochote tulichoweka kwenye tovuti mwaka huu. Wakongo wanayatumiana kwenye simu kama mwaliko wa harusi.

Bakari wa duka la simu, hapa chini ya ghorofa langu Fordsburg, kanisimamisha mlangoni. "Dada Mwana, siku hizi drafti nayo ni habari? Mimi nacheza kila jioni, mbona hujaniandika?" Kwake drafti ni ubao na vizibo vya soda. Nimemweleza: huku timu zinachagua vijana kwa zamu, na iliyofanya vibaya zaidi ndiyo inayotangulia. Kafikiri. "Aliyeshindwa ndiye anaanza? Hiyo si drafti, hiyo sadaka."

Mama Plamedi kapiga simu. Kanishukuru sana. "Umetabiri, mama. Mungu akulinde kinywa." Nimeitikia amina. Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Nimedhani ni furaha ya mzazi.

Alhamisi, 16 Aprili

Maji hakuna tangu jana. Nimechota kwa Bakari.

Nimepitia orodha upya. Wachambuzi wawili wa Marekani ninaowaamini wamemshusha Plamedi raundi ya pili. Mmoja bado yuko nami. Sijabadilisha kitu.

 

Jumapili, 19 Aprili

Habari mbaya. Nimeipata kwa Furaha, binti wa Kirundi anayesaidia kusuka saluni moja na Mama Plamedi, bado hana kiti chake. Kanitumia ujumbe wa sauti. Leo kanisani kwao mchungaji kayasoma makala yangu mbele ya watu. Yote, hadi jina la tovuti. Kasema Mungu hutumia hata dada wa Kiislamu kutoka Tanga. Watu wakapiga vigelegele.

Kisha Mama Plamedi kasimama na kutoa ushuhuda. Alhamisi, kabla timu hazijaanza kuchagua, ataachia kiti chake saluni. Kitakuwa cha Furaha. Furaha kafurahi, na kaogopa. Vyote vimesikika katika sauti ile.

Nimekaa na neno moja jioni nzima. Kwetu, utabiri ni wa hali ya hewa. Mtu anatazama mawingu, anapima, anasema, anaweza kukosea. Kwao, kwenye Biblia ya Kiswahili, kutabiri ni kazi ya manabii. Nimeandika miaka yote hii nisilifikirie hilo. Nimempigia mhariri. Kasema kila mtu anajua maana ya utabiri. Ndiyo. Kila mtu anajua ya kwake.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimekwenda La Rochelle. Robot ya Rosettenville, taa za kuongozea magari, haifanyi kazi, magari yanapita kwa ubabe. Nimefika nimekasirika, jambo ambalo halinisaidii kazini wala popote.

Saluni ni ndogo, viti vitano. Mama Plamedi alikuwa anamsuka mteja. Nimesema mbele ya wote, ili pasiwe na tafsiri. Mimi si nabii. Nimekadiria. Ni kama redio inavyotabiri mvua.

"Na mvua ya redio hainyeshake?"

Nimesema siku nyingine hainyeshi.

"Siku hiyo ni redio ilikosa. Mvua haikukosa kitu." Wateja wamecheka. Kaendelea kusuka. "Neno yenye imetoka mu kinywa hairudiake, mama. Usiogope."

Nimemwomba angoje hadi Ijumaa asubuhi, majina yakishajulikana, ndipo aachie kiti. Kaniangalia kama mtoto aliyesema jambo la aibu mezani. Kasema akibaki na kiti ni sawa na kumwambia Mungu, ngoja nione kwanza.

Mwenye saluni kanisindikiza hadi nje. Kasema wasusi wanne wako kwenye foleni ya viti. Akishampa Furaha, imekwisha. Mama Plamedi hana kazi nyingine na hana mume. Kijana hatapokea chochote mpaka timu imchukue na mkataba usainiwe, na hakuna ajuaye ni lini wala timu gani.

Nimeogopa. Ninaliandika hapa kwa sababu sitaliandika kwingine.

Jumanne, 21 Aprili

Timu ya ishirini na tisa imepata mzuiaji wa kushoto. Imemchukua mkongwe kutoka timu nyingine kwa kubadilishana. Wametangaza wenyewe, asubuhi ya kwao, jioni yetu.

Pengo limezibwa. Hesabu yangu imevunjika.

Nimezipitia tatu zilizobaki, thelathini hadi thelathini na mbili. Hakuna inayohitaji mzuiaji. Nimerudi juu, timu moja moja, hadi ya kwanza. Nimetafuta mahali pa kumweka kwa namna ambayo sijawahi kumtafutia mchezaji. Nilipogundua ninachofanya nimefunga kompyuta.

Wakala hapokei simu. Kwa kawaida hupokea haraka mno.

Jumatano, 22 Aprili

Nimemwambia Mama Plamedi kabla ya kuchapisha. Hilo angalau nimelifanya kwa mpangilio unaofaa. Kwa simu, kwa sababu alikuwa na mteja na mimi nilikuwa na saa mbili tu. Nimemweleza habari ya mkongwe. Nimesema mwanao ni mzuri, atachaguliwa, lakini si raundi ya kwanza. Raundi ya pili, labda ya tatu.

Nimesikia mashine ya kukaushia nywele. Kisha sauti yake: "Ulitabiri mara moja. Hii ya pili ni woga."

Nimechapisha. Kichwa cha habari safari hii nimekiandika mimi: "Makadirio ya Mwisho." Hakuna utabiri ndani, nimetafuta neno hilo mstari kwa mstari. Plamedi hayumo kwenye thelathini na mbili.

Matusi yameanza kabla ya magharibi. Mtanga ana wivu. Watanzania hawana hata mmoja huko, ndiyo maana. Kuna aliyeuliza wamenilipa nini. Mmoja katetea, kasema mwacheni mama wa watu, pengine ni uzee. Huyo ndiye kaniuma.

Mhariri kasema wasomaji wameongezeka. Eish.

Alhamisi, 23 Aprili

Plamedi kapiga simu mchana, kwao alfajiri. Hulala kidogo siku hizi. Anaongea Kiingereza, na Kiswahili cha mama yake anapozidiwa na moyo. Wakala keshamwambia ajiandae kwa raundi ya pili. "Anti, mwambie mama asikiache kiti." Nimemuuliza kwa nini asimwambie mwenyewe. "Nikimwambia, anaanza kuomba."

Nimekwenda saluni. Nilifika wakiwa wamekwisha kusanyika, wanawake wa kanisani kumi hivi, vitenge vipya, soda. Kiti cheusi, ngozi imepasuka mkono wa kulia, imezibwa kwa utepe. Mama Plamedi kaondoa vitana vyake na chupa zake za mafuta, kaweka kwenye mfuko. Furaha kasimama kando, mikono nyuma, kama anayesubiri kuchomwa sindano.

Nimesema tena kwa sauti, mimi si nabii. Nimefuta niliyoandika kwanza. Sababu iliyonifanya niandike haipo tena. Mwanao mwenyewe amenituma nikuambie usiache.

Mmoja nyuma kasema, "Mtanzania, wivu utakuua."

"Mumuache," kasema Mama Plamedi. "Ameogopa tu. Hata Yona alikimbia."

Wamecheka, kwa upole. Yona wao ndiye Yunus wetu. Alikimbia, akamezwa na samaki, na mwishowe alikuwa kweli nabii. Hakuna mlango wa kutokea katika hoja hiyo. Ukikubali wewe ni nabii, ukikataa ni nabii anayekimbia.

Furaha kakaa. Vigelegele. Mhariri alitaka picha ya kiti. Sikupiga.

Uchaguzi unaanza saa nane usiku. Wao watakesha kanisani. Mimi nitakesha mezani.

Ijumaa, 24 Aprili, asubuhi

Raundi ya kwanza imekwisha. Plamedi hakutajwa.

Nimesali alfajiri wakati wa nambari ishirini na sita. Nilisali haraka, na najua. Nambari ishirini na tisa wamechagua mkabaji. Nililijua jibu tangu Jumanne, lakini nimesikiliza hadi jina la mwisho. Thelathini, thelathini na moja, thelathini na mbili. Kamera ikarudi kwa watangazaji.

Zaidi ya nusu ya majina yangu yamekaa mahali pake. Ni mwaka wangu bora. Mhariri kapiga kabla sijanywa chai, anataka kuandika "Tulitabiri." Nimesema akiandika hivyo aondoe jina langu. Kauliza nina nini. Nimemwambia kazi ya leo haijaisha, kwa sababu jibu la kweli ni refu.

Mama Plamedi hapokei. Nimepiga mara tatu. Nimepiga kwa Furaha, kapokea, kasema, "Yupo, mama," kisha kakata.

Yupo wapi?

Ijumaa, 24 Aprili, jioni

Yupo nje ya saluni. Ukutani, upande wa mlango, juu ya kreti ya soda iliyogeuzwa. Mfuko wa vitana uko miguuni. Mteja mmoja alikuwa mbele yake kwenye kreti nyingine, anamalizia kusukwa. Ndani, Furaha alikuwa na kazi kwenye kiti kile. Hakuinua macho niliposalimu. Mwenye saluni kamruhusu Mama Plamedi kibaraza, kwa sasa. Baridi ikikaza sijui atakwenda wapi.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Fordsburg. Mteja aliponyanyuka, Mama Plamedi kanionyesha kreti kwa kitana. "Kaa."

Nimesema sikuja kusukwa. Kasema, "Nimeona. Kaa." Kafunga kitenge kati ya nguzo na dirisha ili wapita njia wasione, nikavua mtandio. Hajawahi kunishika kichwa. Anasuka kwa nguvu, ngozi ya kipaji inavutwa hadi macho yanataka kufumba. Sikulalamika.

Mstari wa tatu wa nywele ulipoisha nimeuliza mchungaji kasema nini.

"Alisema weye ni nabii wa uongo." Kavuta. "Nikamwambia hapana. Mwenyewe ulisema haukuwe nabii. Mbele ya watu, mara mbili. Ni miye sikusikiaka."

Ni kweli, nilisema mara mbili. Nilidhani kusikia hivyo kungenipunguzia kitu. Hakukunipunguzia. Nimesema neno lile nililiacha mimi kwenye kichwa cha habari na ningeweza kulitoa. Kasema, "Geuza kichwa." Nikageuza.

Kaongea na mwanawe asubuhi. Plamedi alimuuliza habari ya kiti. Mama alimwambia amekaa vizuri.

Nilitoa pochi. Kasema msuko wa leo ni wa bure, wa kesho nitalipa kama wengine. Nimemuuliza wateja wangapi wamemfuata. Wawili. Kuna wa tatu aliyeahidi kurudi mwisho wa mwezi.

Kaniuliza raundi ya pili ni saa ngapi. Nimesema usiku huu, saa saba, na wanaanza na nambari thelathini na tatu. Hakuniuliza nani atachaguliwa.