Simu Uliyoifungia Kwenye Sanduku la Spana

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ni wewe uliyetufundisha kwamba salamu haisubiri hasira ipoe. Nami bado nina hasira na wewe, ndiyo maana nakuandikia.

Ile simu ninayo. Shangazi aliniletea kutoka Singida mjini, wewe ukaifungia kwenye sanduku la spana zako za mashine ya kukamua alizeti. Ulisema, "Simu haijawahi kumfundisha binti wa mtu kitu cha maana." Ukamtaja binti wa jirani aliyepata mimba akiwa shuleni. Baba, mimi sikuwa yeye. Na hukuniuliza nilikuwa nafanya nini na ile simu.

Basi nakuambia sasa. Nikiwa kidato cha pili, mwalimu wa hisabati aliniita ubaoni. Hasi tatu mara hasi nne. Nikaandika hasi kumi na mbili. Darasa likacheka, mwalimu akasema, "Rudi ukae, wewe umekuja kusindikiza wenzako." Tangu siku ile sikunyoosha mkono tena. Hata jibu nililolijua nililimeza. Wewe uliona F kwenye ripoti, ukasema mtoto huyu mvivu.

Kwenye simu kulikuwa na programu ya hisabati. Nikikosa, inaandika "Jaribu tena," halafu inanionyesha mahali nilipoteleza. Swali moja nililikosa mara tisa, na hakuna aliyecheka. Mara ya kumi nikapata, nikacheka peke yangu jikoni mpaka Mama akaja kuangalia kuna nini. Wiki ileile ukaichukua.

Presha ilipokulaza nilikukanda miguu, nikakupikia uji. Habari ya simu sikuigusa. Nilisema moyoni, akipona nitamweleza.

Hukupona.

Siku ya arobaini, watu walipomaliza kula, baba mdogo alisema mbele ya ukoo kwamba sanduku liende kwake na simu iliyomo iuzwe, kwa sababu "marehemu hakutaka huyu binti aishike." Wote wakanigeukia. Nilikumbuka siku ya ubaoni. Lakini nilisimama. Nikasema, "Baba mdogo, spana chukua. Simu ni yangu na naisomea. Anayebisha anipe swali la hisabati." Mama alifungua fundo la kanga yake, akatoa ufunguo wa sanduku, akaniwekea kiganjani.

Sasa nasoma kila Jumamosi nikishateka maji. Mwezi uliopita mwalimu yuleyule aliuliza nani anakuja ubaoni. Nikanyoosha mkono. Alinitazama kwanza, kama hakuamini ni wangu. Hatua ya tatu nikakosea alama, wakaanza kucheka. Nikafuta kwa kiganja, nikairudia palepale mbele yao, wala sikuharakisha. Jibu likatoka. Mwalimu alisema tu, "Kaa." Nikakaa. Mtihani wa muhula nimepata C. Si A, Baba, ila hakuna aliyenisaidia kuipata.

Kinachoniuma ni kwamba ulikufa ukidhani ninaficha wavulana ndani ya ile simu. Hilo siwezi kulirekebisha. Na nikisikia mashine inaunguruma hapa Sepuka nakukumbuka ulivyokuwa unanisimamisha kando yake, unaniuliza, "Inaumwa wapi?" Nabahatisha, nakosa, nawe unasema, "Sikiliza tena." Hukuwahi kunicheka. Kwenye mashine ulinivumilia. Kwa nini kwenye hili ulishindwa? Ningekaa karibu yako nikuonyeshe. Ningekuonyesha yote.

Neema ameingia darasa la tano. Juzi alirudi kutoka shule akasema yeye hesabu haziwezi. Nilimkalisha nikampa simu. Nakuahidi, hakuna mtu atakayemwambia mdogo wangu amekuja kusindikiza wenzake nami nikanyamaza, awe mwalimu, awe baba mdogo. Ungekuwa hai, hata wewe ningekujibu, kwa heshima, nikiwa nimepiga goti.

Pumzika, Baba. Nitakulilia, na kwa hili sitakutii. Vyote viwili navifanya kwa moyo mmoja.

Binti yako,
Salome