Bibi Mwanahawa Afungua Kinywa

Ijumaa, Korogwe. Manyunyu tangu alfajiri, matope mpaka mlangoni mwa wodi, na mimi nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Wiki nzima wanafunzi wangu wa uuguzi wamenipandisha hasira. Darasani wanajua kila kitu kuhusu usafi wa kinywa kwa wazee. Wodini wanawaamkia wazee shikamoo, wanainamisha macho, wanapima presha, wanaondoka. Kinywa hakuna anayekigusa. Nikiuliza, wananijibu kwamba kumwambia bibi wa watu apanue mdomo ni kumkosea adabu.

Adabu gani hiyo inayomwacha mtu na njaa?

Bibi Mwanahawa, aliyeletwa kutoka Handeni, alikuwa hali kitu. Nimonia ilishapona, lakini kila kijiko alikisukuma na kujifunika mdomo kwa kanga. Juzi mwanawe aliniambia amewapigia ndugu simu: mama kachoka, wamrudishe nyumbani akapumzike. Nilimwelewa, na iliniuma sana.

Jana nikamtuma Rajabu, mwanafunzi mwenye maneno mengi kuliko wote, Mzigua kama Bibi. Nikasimama pembeni. Akatoa shikamoo yake, kisha akakwama. Nikasema moyoni, basi tena. Mara akavuta kiti na kuanza utani wa mjukuu kwa bibi yake.

"Mke wangu, watu wanasema nimeoa kibogoyo. Hebu nionyeshe meno nikawasute."

"Mume gani wewe, mahari yenyewe hujaleta!"

Bibi akacheka, kanga ikashuka. Rajabu akawasha tochi. Ulimi mzima ulikuwa na utando mweupe, na kipande cha jino lililovunjika kilikuwa kimechimba kidonda shavuni.

Kumbe uzee ulikuwa unasingiziwa tu.

Daktari wa meno alikitoa kile kipande jana hiyohiyo, akaandika na dawa ya matone ya kutibu utando. Rajabu akamsafisha kinywa kwa mswaki laini, taratibu, huku akisimangwa kwamba ni mume mzembe. Wenzake walisogea kutazama, na mmoja akaomba aoneshwe namna ya kushika mswaki. Jumatatu nitawapeleka kitanda kwa kitanda, na atakayeanza kwa utani nitamwacha atanie.

Leo asubuhi Bibi amemaliza kikombe cha uji. Mwanawe ametoka nje kuwapigia ndugu simu upya: mama anakula.

Mchana nilipopita, Bibi mwenyewe aliniita.

"Mwalimu, uji ni wa watoto. Mwambie mume wangu alete ugali wa bada, na mboga isiwe kidogo."